Dakika ya Kwanza Baada ya Kuwasha: Miaka 50 ya Kugombania Kompyuta Yako

Wasee, swali moja tu la kuanzia. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha kompyuta, ni nini hufanyika kabla skrini haijaonyesha chochote?

Wengi wetu hatuna jibu, na sishangai. Kizazi chetu kilikutana na simu kwanza. Simu inawaka, nembo inatokea, unaweka PIN, umeingia. Hakuna wa kukusumbua. Lakini mtafute mtu aliyewahi kujiundia kompyuta nyumbani, kipande kwa kipande, umtajie hiyo dakika ya kwanza uone sura yake. Ameunganisha bodi, prosesa, RAM na pawa saplai. Amefunga skrubu ya mwisho. Anabonyeza. Feni zinazunguka, taa zinamulika kama matatu ya Rongai, na skrini ni nyeusi tii. Saa sita usiku yuko hapo anajiuliza kama ameunguza doo aliyoweka akiba miezi minane.

Leo nataka tuongee kuhusu hiyo dakika, kwa sababu ina historia, na historia yenyewe si ya wahandisi peke yao. Kwa miaka 50 watu wamegombania swali moja: mashine ikiamka, inamsikiliza nani kwanza? Wewe uliyeilipia, au kampuni iliyoitengeneza? Ukidhani hayo ni mambo ya Marekani hayatuhusu, subiri tufike mwisho. Kuna mashine nyingi za ex-UK kwenye meza za Nairobi, Kisumu na Mombasa ambazo sasa hivi zinaambiwa zimezeeka, na bado zinafanya kazi vizuri.

1975: sanduku lisilojua chochote

Toleo la Januari 1975 la jarida la Popular Electronics huko Marekani lilikuwa na picha ya sanduku la bluu kwenye jalada. Iliitwa Altair 8800. Ilitoka kwa kampuni ndogo inayoitwa MITS, mjini Albuquerque, iliyoendeshwa na Ed Roberts. Bei ilikuwa dola 397 ukinunua vipande ujiundie mwenyewe. MITS walitarajia kuuza chache tu. Wakapata maelfu ya oda.

Sasa skiza ulichokuwa unapata kwa hizo pesa. Hakuna kibodi. Hakuna skrini. Hakuna diski. Ulipata prosesa ya Intel 8080, sahani ya mbele yenye safu ya swichi na taa ndogo nyekundu, na memori ya baiti 256. Baiti 256 ni kama ujumbe mmoja mfupi wa WhatsApp. Hiyo ndiyo ilikuwa memori yote.

Na vipande vilikuja kwenye mifuko. Unakaa na chuma cha kuchomea solda, unaunganisha mamia ya viungo kwa mkono, moja baada ya nyingine. Kiungo kimoja kikishika vibaya, mashine haiwaki, na hakuna maandishi ya kukuambia kosa liko wapi. Unarudi nyuma kiungo kwa kiungo na mita ya umeme mkononi. Hata ukifanya kila kitu sawa, bodi za memori za MITS zenye kilobaiti 4 zilikuwa na sifa mbaya ya kukataa kufanya kazi. Zilikataa kiasi kwamba wateja wenyewe walianza kutengeneza bodi bora na kuziuza. Kampuni ya Processor Technology ilianza hivyo.

Tuseme umebahatika, imewaka. Bado haijui kitu. Haijui hata jinsi ya kusoma programu kutoka nje. Hiyo kazi ni yako. Unaweka swichi nane, juu au chini, zikiwakilisha baiti moja. Unabonyeza swichi ya kuhifadhi. Unaweka nane nyingine. Unahifadhi. Unaendelea hivyo mpaka umeingiza programu fupi ambayo kazi yake ni moja tu: kuifundisha mashine kusoma utepe wa karatasi wenye matundu. Ukikosea swichi moja, programu haifanyi kazi. Ukizima umeme, kila kitu kimefutika, na kesho unarudia.

Hapo ndipo neno "kubuti" linaeleweka. Waingereza wana msemo wa mtu kujiinua kutoka ardhini kwa kuvuta vikamba vya buti zake mwenyewe. Haiwezekani, na ndiyo maana ulifaa. Kompyuta inahitaji programu ili iweze kupakia programu. Lazima kuwe na kitu kidogo cha kwanza kinachoingia kwa njia nyingine. Mwaka 1975 hiyo njia nyingine ilikuwa vidole vyako.

Kuna kisa kimoja cha mwaka huo ambacho ninakipenda. Bill Gates na Paul Allen walikuwa wameandika lugha ya BASIC kwa ajili ya Altair bila kuwahi kuigusa Altair yenyewe. Walitumia kompyuta kubwa ya chuo cha Harvard iliyofanywa iige tabia za ile prosesa. Allen akapanda ndege kwenda Albuquerque kuionyesha. Ndege ikikaribia kutua akakumbuka: hawakuwa wameandika ile programu fupi ya kupakia. Akachukua karatasi, akaiandika kwa mkono humo humo angani. Kesho yake akaiingiza kwa swichi, utepe ukasomwa, na mashine ikajibu. Akaiuliza 2 jumlisha 2. Ikasema 4. Microsoft ilianzia kwa mtu aliyekuwa anasumbuka na dakika ya kwanza, vile vile kama wewe na skrini yako nyeusi.

Gereji ya mafundi

Tarehe 5 Machi 1975, watu kama 30 hivi walikutana kwenye gereji ya Gordon French huko Menlo Park, California. Walijiita Homebrew Computer Club. Ukitaka kuelewa ile klabu, fikiria ghorofa moja ya mafundi wa Luthuli, lakini hakuna anayekulipisha. Mtu alileta mashine iliyokwama, mwingine akaishika, wa tatu akasema "mimi pia ilinisumbua hivyo, angalia hapa." Maarifa yalizunguka bure.

Mwezi uliofuata mwanachama mmoja, Steve Dompier, alileta Altair yake. Alikuwa amegundua kwamba mashine ikifanya kazi, redio ndogo iliyo karibu inatoa kelele, na kelele inabadilika kulingana na programu. Akaingiza programu yake yote kwa swichi, akaweka redio juu ya sanduku, na ikapiga wimbo wa The Beatles. Ukumbi ulisimama kushangilia. Unaona hiyo kitu? Kelele iliyokuwa usumbufu, yeye aliisikiliza mpaka ikawa muziki.

Kwenye kikao cha kwanza alikuwepo pia kijana anayeitwa Steve Wozniak. Mwaka 1976 akatoa Apple I. Watu wanaikumbuka kwa bei yake ya ajabu ya dola 666.66, lakini mimi nataka uangalie kitu kingine. Wozniak aliweka ndani yake programu ndogo isiyofutika hata ukizima umeme. Ilikuwa na baiti 256 tu. Kazi yake ilikuwa kusubiri uandike kwenye kibodi. Hivyo tu. Lakini iliua zile swichi. Kuanzia hapo mashine iliamka ikijua kitu kimoja: sikiliza kibodi.

Ni hatua kubwa sana, na ni hatua yenye maana mbili. Upande mmoja, wewe umepumzishwa. Upande wa pili, kuna mtu ameandika kabla yako kile ambacho mashine itafanya ikiamka. Wozniak alikuwa mtu wa klabu, aligawa michoro yake bure, kwa hiyo hakuna aliyelalamika. Lakini swali la nani anaandika hayo maneno ya kwanza lilikuwa limezaliwa.

Na ugomvi haukukawia. BASIC ya Gates na Allen ilinakiliwa na wanachama na kugawanywa kama njugu. Tarehe 3 Februari 1976 Gates aliandika barua ya wazi akiwaambia wapenzi wa kompyuta kwamba wengi wao wanaiba programu, na kwamba hakuna mtu atakayeandika programu nzuri bila malipo. Maoni yangu: alikuwa na haki ya kulipwa kwa jasho lake. Lakini kuhusu hiyo sehemu ya mwisho, historia ilimpinga. Tutafika.

Jinsi IBM walivyopoteza funguo

Huko pembeni kulikuwa na mwalimu wa kompyuta anayeitwa Gary Kildall. Mwaka 1974 aliandika CP/M, mfumo endeshi wa kompyuta ndogo zenye diski laini. Tatizo lilikuwa kwamba kila kampuni ilitengeneza diski na bodi kivyake. Ukihamisha mfumo kutoka mashine moja kwenda nyingine, unaandika upya. Kildall akaukata mfumo vipande viwili. Kipande kikubwa hakibadiliki. Kipande kidogo ndicho kinachoongea na vifaa, na hicho pekee ndicho unachobadilisha. Kile kidogo akakiita BIOS. Ndiyo, BIOS ile ile unayoingia kwa kubonyeza Delete au F2 mara mia kama umechanganyikiwa.

Tarehe 12 Agosti 1981 IBM wakatoa PC yao. Dola 1,565 kwa ile ya chini kabisa, memori kilobaiti 16. Walikuwa na haraka, kwa hiyo walinunua vipande vya kawaida sokoni: prosesa ya Intel, mfumo endeshi kutoka Microsoft. Karibu kila kitu ndani ya hilo sanduku mtu mwingine angeweza kukinunua. Kitu kimoja tu kilikuwa chao kisheria: ile BIOS. Dakika ya kwanza ndiyo ilikuwa kufuli ya IBM. Hata waliichapisha hadharani kwenye kitabu cha kiufundi, wakijua kwamba yeyote akiinakili wanampeleka kortini.

Kampuni mpya ya Compaq, iliyoanzishwa mwaka 1982, ikatafuta njia halali. Kundi moja la wahandisi liliichunguza BIOS ya IBM na kuandika tu inachofanya: ukiiuliza hivi, inajibu hivi. Kundi la pili, ambalo halikuwa limeona msimbo wa IBM hata mstari mmoja, likaandika BIOS mpya kutokana na hayo maelezo. Matokeo yanafanana, maandishi ni tofauti, na sheria haina neno. Mwaka wa kwanza wa mauzo, 1983, Compaq waliuza bidhaa za dola milioni 111. Mwaka 1984 kampuni ya Phoenix ikatengeneza BIOS yake kwa njia kama hiyo, na ikaanza kumuuzia yeyote mwenye pesa.

Msee, tulia hapo kidogo. Hii ndiyo sababu wewe leo unaweza kununua bodi ya kampuni moja, RAM ya kampuni nyingine na kadi ya picha ya kampuni ya tatu, ukaziunganisha mezani na zikaelewana. Si kwa sababu makampuni yalikuwa na roho nzuri. Ni kwa sababu watu waliivunja ile kufuli ya dakika ya kwanza bila kuvunja sheria.

PC ya IBM ilituachia zawadi nyingine. Ikiwaka ilijikagua yenyewe kwanza: prosesa, memori, kibodi. Kila kitu kikiwa sawa, spika ndogo ya ndani ilitoa mlio mmoja mfupi. Kukiwa na shida, mlio ulibadilika au namba ilitokea. Mashine yenyewe ilikuwa inakuambia inaumwa wapi. Haikuwa na akili sana, ni kweli. Mashine nyingi za baadaye zilikosa kibodi zikakuandikia kwamba kibodi haipo, kisha zikakuambia ubonyeze F1 ili kuendelea. Bonyeza F1 kwa kutumia nini sasa?

Miaka ya flopi na skrini ya bluu

Ukidhani kuweka mfumo endeshi leo ni kazi, waulize waliofanya hivyo miaka ya 1990. Windows 95, iliyotoka tarehe 24 Agosti 1995, ilikuja kwenye CD, lakini mashine nyingi hazikuwa na tundu la CD, kwa hiyo kulikuwa na toleo la flopi. Flopi 13. Unaingiza ya kwanza, unasubiri, unatoa, unaingiza ya pili. Ya 11 ikiwa na kasoro, pole.

Kabla ya hapo, kuongeza kadi ya sauti tu kulikuwa mtihani. Kila kadi ilihitaji namba yake ya kumwita prosesa, na namba zilikuwa chache. Kadi mbili zikipewa namba moja, zote zinagoma, au mashine inaganda ukicheza gemu. Ulizipanga kwa kuhamisha vipini vidogo kwenye kadi yenyewe. Windows 95 iliahidi kumaliza hayo: chomeka, itajipanga yenyewe. Ahadi ilikuwa kubwa kuliko kazi. Tarehe 20 Aprili 1998, kwenye maonyesho ya COMDEX huko Chicago, Bill Gates alisimama jukwaani mfanyakazi mwenzake alipochomeka skana kuonyesha umahiri wa Windows 98. Skrini ikawa ya bluu, mfumo umekufa, mbele ya umati wote. Kwa hiyo ikikutokea wewe chumbani kwako ukiwa peke yako, uko na bahati.

Wakati huo huo, huko Helsinki, kulikuwa na mwanafunzi wa miaka 21. Linus Torvalds alinunua PC mapema mwaka 1991 na hakuridhika na mfumo uliokuwepo. Akaanza kuandika wa kwake, na tarehe 25 Agosti 1991 akautangaza kwenye intaneti, akisema ni kazi ya kujifurahisha tu. Kinachonichekesha ni kilichofuata. Siku moja alitaka kupiga simu ya modemu kuingia kompyuta ya chuo, akaelekeza ile amri kwenye diski badala ya modemu. Diski ikaandikwa juu, na mfumo wa Minix aliokuwa anautumia ukaharibika. Badala ya kuurudisha, aliamua kwamba Linux yake imefika umri wa kujitegemea. Leo simu yako ya Android inaendeshwa na kiini cha Linux. Hiyo ndiyo programu nzuri iliyoandikwa na kugawanywa bure ambayo barua ya 1976 ilisema haitakuja.

Na sisi tulikuwa wapi?

Tulikuwepo. Oktoba 2004 ilitoka Ubuntu, mfumo wa Linux uliofadhiliwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina hilo halihitaji mkalimani kwa mtu anayejua neno utu. Jambo la maana zaidi kwetu ni kwamba walikuwa wanakutumia CD kwa posta, bure kabisa, popote duniani, na waliendelea hivyo mpaka mwaka 2011. Kumbuka kebo kubwa za baharini, TEAMS na SEACOM, zilifika Kenya mwaka 2009. Kabla ya hapo tulikuwa tunategemea setilaiti. Kupakua mfumo wa megabaiti 700 haikuwa kitu cha kufanya kwa sababu ya kuboeka. Ile CD kwenye bahasha ilikuwa ndiyo mlango.

Mwaka huo huo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika mradi wa KiLinux uliotoa Jambo OpenOffice, yaani programu za ofisi kwa Kiswahili. Watu walikaa chini wakaamua "faili" liitwe nini na "hifadhi" itumike wapi. Ninaposikia mtu akisema Kiswahili hakiwezi mambo ya kompyuta, huwa namuuliza kama alizaliwa jana.

Halafu kuna historia isiyoandikwa vitabuni: ya mafundi wetu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulimwengu ulikumbwa na janga la kapasita mbovu. Ni vile vimitungi vidogo kwenye bodi. Vilivimba juu, vikavuja, na kompyuta za kampuni kubwa kabisa zikaanza kufa ovyo. Ofisi za Ulaya na Marekani zilitupa mashine. Fundi mwenye chuma cha solda angetoa vile vilivyovimba, aweke vipya vya bei rahisi, na mashine irudi kazini. Ni ujuzi ule ule wa 1975, mkono ule ule.

2025: kufuli imerudi

Sasa tufike kwetu. Ile BIOS ya zamani ilichoka. Kwa mpangilio wake wa kawaida haikuweza kubuti kutoka diski inayozidi terabaiti 2. Ikaja UEFI, na juu yake, kuanzia enzi za Windows 8 mwaka 2012, ikaja Secure Boot. Kazi yake ni kukagua sahihi: programu ya kwanza kabisa kupakiwa lazima iwe imetiwa sahihi na mtu anayeaminika. La sivyo, haipiti.

Nitakuwa mkweli, si njama. Kuna virusi vinavyojificha kwenye dakika ya kwanza, kabla mfumo haujaamka, na antivairasi haivioni. Secure Boot inalenga kuvizuia. Kwenye PC nyingi pia unaweza kuizima mwenyewe, na Linux kadhaa zimetiwa sahihi zikapita. Lakini angalia kilichobadilika. Mwaka 1975 maneno ya kwanza ya mashine yalitoka vidoleni mwako. Leo kuna orodha ya wanaoruhusiwa, na orodha hiyo haikuandikwa na wewe.

Kisha ikaja Windows 11, Oktoba 2021. Inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa Intel inataka kwa ujumla prosesa za kizazi cha 8 kwenda juu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft wakaacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida, na kwa watu wa nyumbani wakaongeza mpango wa mwaka mmoja tu wa viraka vya usalama. Sasa tembea Moi Avenue uangalie zile ex-UK zenye i5 ya kizazi cha 4 au cha 6. Hizo ndizo kompyuta ambazo mwanafunzi wa kampasi anaweza kumudu. Hazijaharibika. Zinahariri video, zinafungua kodi, zinaandika tasnifu. Lakini kwa lugha ya kampuni, zimekwisha.

Maoni yangu ni haya. Mtu ambaye hajui dakika ya kwanza ataamini kwamba mashine yake imekufa, na atakopa kununua nyingine. Anayeijua atajua ana njia. Anaweza kuweka Ubuntu au Linux Mint kwa flashi moja na alasiri moja. Anaweza kuongeza RAM na SSD. Anaweza kuamua kwa akili, si kwa hofu. Na kuna kompyuta mpya ambazo RAM imeunganishwa kwa solda kwenye bodi, hutoi hata ukitaka. Anayejua atauliza hilo swali dukani kabla ya kutoa pesa.

Kwa hiyo ukikutana na skrini nyeusi, usiogope. Fanya kama wale wa gereji. Chomoa kila kitu kisicho lazima, ubaki na bodi, prosesa, kijiti kimoja cha RAM na umeme. Hakikisha ule waya wa pili wa umeme, ule wa prosesa ulio juu ya bodi, umeingia, kwa sababu wengi huusahau. Hakikisha waya wa skrini uko kwenye kadi ya picha, si kwenye bodi, kama una kadi. Toa RAM uirudishe mpaka isikike "tak". Sikiliza mlio, au angalia taa ndogo za bodi zinazoonyesha ni wapi imekwama. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, siyo vitatu, la sivyo hutajua kipi kilitibu. Flashi ya kuweka mfumo ikikataa kuonekana, ingia UEFI uangalie mpangilio wa kubuti kabla ya kulaumu flashi. Na kabla ya kufuta diski yoyote, soma jina lake mara mbili. Linus mwenyewe alichapwa hapo.

Hakuna hatua hata moja hapo inayohitaji digrii. Inahitaji subira na mtu wa kumuuliza. Wale watu wa 1975 hawakuwa na akili kutuzidi. Walikuwa na gereji, na tabia ya kutoficha walichojua. Sisi tuna hosteli, saiba, na vikundi vya WhatsApp vilivyojaa stika. Sioni kwa nini kila kampasi isiwe na Jumamosi moja kwa mwezi ya kuleta mashine zilizokwama na kuziamsha pamoja.

Kompyuta iliyo mezani kwako, hata kama ni ex-UK ya shilingi elfu 15, ipo wazi kwako kwa sababu kuna watu walikataa mtu mmoja amiliki dakika yake ya kwanza. Hiyo haki haikuja na risiti, na ukiacha kuitumia hakuna atakayekukumbusha uliwahi kuwa nayo.

Haya, wewe ya kwako inatumia nini sasa hivi, na ni nani aliyekuchagulia?